Kusimba ujumbe mfupi kwa C: strlen ndiyo inayokuponza

Chukua neno KARIBU, ulisimbe kwa lugha ya C ukitumia XOR (hulinganisha biti mojamoja: zikitofautiana jibu ni 1, zikifanana ni 0) kwa ufunguo wa herufi moja, K. Herufi ya kwanza ni K kwa K, jibu 0. Ya pili ni A (namba yake kwenye kompyuta ni 65) kwa K (75), jibu 10. Herufi mbili tu, na programu imeshaharibika mara mbili. Katika C, baiti ya 0 ndiyo mwisho wa maandishi, hivyo strlen itasema ujumbe una urefu wa 0 na printf haitachapisha kitu. Nayo 10 ni mstari mpya: fgets ikiikuta kwenye faili, inakomea hapo. Wengi hukesha wakibadilisha fomula ya kusimba, kumbe fomula haina kosa lolote.

Kilichosimbwa si maandishi tena, ni baiti. Pima urefu mara moja, kabla ya kusimba, kisha utembee nao hadi mwisho:

size_t n = strlen(ujumbe);
for (size_t i = 0; i < n; i++)
    siri[i] = ujumbe[i] ^ ufunguo[i % k];

Hapo k ni urefu wa ufunguo, na siri iwe unsigned char. Ukisoma ujumbe kwa fgets, ondoa kwanza mstari mpya wa mwishoni: ujumbe[strcspn(ujumbe, "\n")] = 0. Kwenye faili tumia fwrite na fread, ukifungua kwa "wb" na "rb". Kwenye Windows, bila hiyo b, kila 10 huandikwa na 13 mbele yake. Ukitaka kuonyesha matokeo kwenye skrini, chapisha kila baiti kwa %02x, yaani tarakimu mbili za heksadesimali.

XOR ya namna hii ni ya kujifunzia tu. Anayejua kwamba ujumbe unaanza na "Habari" analifanyia neno hilo XOR na baiti 6 za mwanzo za kilichosimbwa na kupata herufi 6 za ufunguo wako. Kwa siri ya kweli usitunge njia yako. Tumia maktaba ya libsodium.

Ita sodium_init() kwanza. Ikirudisha -1, simamisha programu. Funksheni ya kusimba ni crypto_secretbox_easy. Inataka ufunguo wa baiti 32 na namba ya mara moja ya baiti 24, ambayo si siri lakini haipaswi kurudiwa kwa ufunguo uleule. Itengeneze kwa randombytes_buf, siyo kwa rand(). Matokeo huongezeka baiti 16 za kuthibitisha kwamba hakuna aliyeyachezea. Kwa hiyo KARIBU, baiti 6, inakuwa 22. Ukiweka namba ile mbele yake, 46. Ukigeuza kuwa heksadesimali kwa sodium_bin2hex, kila baiti huwa herufi mbili, yaani 92, lakini tenga nafasi 93, kwa sababu ya 0 ya mwisho. Hii 0 ndiyo inayosahaulika.

Nywila usiinakili moja kwa moja kuwa ufunguo. Ipitishe kwenye crypto_pwhash, inayotengeneza ufunguo kutokana na nywila, pamoja na chumvi (baiti za kubahatisha) ya baiti 16, na chumvi hiyo uihifadhi pamoja na ujumbe, la sivyo hutaupata ufunguo uleule tena.

Wakati wa kusimbua, crypto_secretbox_open_easy ikirudisha -1, ufunguo si wenyewe au baiti zimebadilika, usichapishe chochote. Ikikubali, weka 0 mwishoni mwenyewe, haikuwekei. Kompaila ikilalamika kwamba haizioni funksheni hizi, angalia kama -lsodium umeiandika baada ya jina la faili:

gcc siri.c -o siri -lsodium