Ukitaka kuwasaidia watoto wa mtaa wako, nunua daftari

Nilipoingia kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu, hapa Uyole, Mbeya, nilidhani kazi yetu inaishia kwenye kutoa taarifa. Nikimwona mtoto anateseka namwambia mwenyekiti wa mtaa, naye anampelekea afisa ustawi wa jamii, mambo yanakwenda. Aliyenifungua macho ni mtoto wa kiume wa miaka kama tisa.

Nilimkuta asubuhi moja ya Juni, kwenye baridi yetu ile, akisaidia kupakia viazi kwenye lori. Mama yake alikuwa Dar akitafuta maisha, yeye amebaki na bibi. Alivaa buti za mtu mzima, akatembea kwa kuburuta miguu zisije zikamvuka. Soksi hana. Kisigino cha kushoto kimechunika na damu imegandia kwenye mpira wa buti. Siku ileile nikatoa taarifa, nikarudi nyumbani na moyo mweupe.

Baada ya miezi mitatu nikamkuta palepale, buti zilezile.

Nilipouliza, nikaambiwa barua iliandikwa na ikafika, ila aliyeipokea alihamishwa, na aliyekuja hakuikuta. Hakuna aliyekataa kumsaidia mtoto yule. Jambo lake lilipotelea njiani, kati ya ofisi na ofisi, na mimi niliyelijua tangu mwanzo sikuwa nimerudi kuuliza hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko yote.

Ndipo nikanunua daftari. Kila jambo lina ukurasa wake: tarehe, nimeongea na nani, ameahidi nini, nirudi lini. Jina la mtoto siandiki. Naweka alama ninayoijua mwenyewe, maana daftari huweza kuangukia mikono ya watu na mtaa una maneno. Siku ikifika nakwenda kwa miguu yangu. Simu haitoshi. Afisa ana meza iliyojaa mafaili, lakini ukiketi mbele yake kwa adabu, ukamtajia tarehe, faili lako litatafutwa. Usiende kugomba. Yule ndiye utakayemhitaji tena wiki ijayo.

Wapo watakaokuita mmbea. Waambie Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa serikali ya mtaa husika. Sheria hiyohiyo imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Nilimweleza mwenye viazi hivyo, taratibu, tukiwa wawili tu. Alinisikiliza.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni hili la "tuyamalize kifamilia". Binti amefanyiwa ukatili, wazee wanakaa, chai inamiminwa, fedha au ng'ombe anatajwa, na binti yuko jikoni anasikia bei yake. Ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo usikibariki kwa kukaa kimya. Sema wazi kwamba mtoto anatakiwa hospitali leo, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 tangu atendewe, dawa hizo hazitamfaa tena. Asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo zake zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya simu ya mtoto ni bure. Wewe mwenyewe usimhoji. Msikilize anachotaka kusema, mwambie si kosa lake, basi. Atakuja kuulizwa na waliofundishwa kuuliza. Na nakuomba sana, usimpige picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama nia ni kuomba msaada.

Wenye huruma wengi humchukua mtoto wakaenda naye nyumbani kimyakimya. Naelewa, nimewahi kutamani kufanya hivyo usiku wa mvua. Lakini afisa ustawi wa jamii lazima ajue mtoto analala wapi na kwa nani. Zipo familia za kuaminika zilizochunguzwa kwa kazi hiyo. Kama una nafasi na moyo, omba uwe mmojawapo kwa njia ya wazi.

Uliza pia cheti cha kuzaliwa. Usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo ulianzia hapahapa Mbeya mwaka 2013, na bado nakutana na mama ambaye hajui.

Yule mtoto wa viazi? Safari hii ya pili nilirudi ofisini mara nne. Mama yake alipigiwa simu na afisa mwenyewe, akaanza kutuma matumizi, mwalimu mkuu akampokea katikati ya muhula. Bibi yake alinishika mikono yote miwili akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana, kisha akanifungia maharage kwenye kitenge chake. Buti sasa anazivaa bibi akienda shambani.

Ukurasa wa mtoto huyo sijaufunga. Tarehe ya mwisho niliyoandika ni Ijumaa hii: kumuuliza mwalimu kama amefika darasani wiki nzima.