Tununue intelijensia ya vitisho au tunapigwa?

SWALI: Habari kaka, mimi ndo IT peke yangu ofisini, kompyuta kama 80 hivi na seva chache. Imekuja kampuni inauza intelijensia ya vitisho vya mtandaoni, wamefanya demo, bosi kaipenda ile ramani yenye mishale myekundu inarukaruka dunia nzima, yaani anataka kusaini wiki hii hii. Antivairasi tunayo, fayawoli tunayo. Hawa jamaa wanauza nini hasa?
– Fundi Peke Yake

JIBU: Pole na majukumu Fundi. Hiyo ramani isahau, imewekwa kwa ajili ya bosi wako, sijawahi kuona fundi anazuia shambulio kwa kutazama mishale. Wanachouza ni habari za adui. Wanakusanya virusi vipya, wanatega seva za bandia ili zishambuliwe waone mtu anaingiaje, wanajipenyeza kwenye vijiwe vya mtandao wa giza kunakouzwa paswadi za wizi, na wakiitwa kwenye ofisi iliyodukuliwa wanajifunza humo jinsi jamaa walivyopita. Vyote vinachekechwa, wewe unaletewa kilichobaki, na hapo sasa ndo pa kuwa makini kwa sababu kilichobaki kina madaraja.

Kuna mtaalamu anaitwa David Bianco, mwaka 2013 alipanga hayo madaraja kwa mfano wa piramidi. Chini kabisa kuna heshi, ile alama ya utambulisho wa faili, mhalifu akigusa herufi moja tu ndani ya kirusi chake heshi inakuwa nyingine kabisa na orodha yako imeshapitwa. Juu yake kuna anwani za IP, yaani namba za mashine kwenye mtandao, halafu domeni, yaani majina ya tovuti, nazo anahama akijisikia. Kileleni kuna tabia zake, anavyoingia, anavyojificha, anavyotoka mashine moja kwenda nyingine, na hizo kuzibadilisha ni shughuli maana ni sawa na kujifunza kazi upya. Kwa hiyo muulize muuzaji, mnaniletea vya chini au vya juu? Akianza kujisifu ana mamilioni ya anwani mbaya kila siku basi ni vya chini hivyo, na vya namna hiyo mradi wa abuse.ch wanavitoa bure, wakati zile tabia MITRE, shirika la utafiti la Marekani, wamezipanga kwenye orodha yao ya mbinu za wadukuzi iitwayo ATT&CK, iko wazi kwa mtu yeyote tangu 2015.

Sisemi huduma haina maana. Angalia Colonial Pipeline ya Marekani, Mei 2021, kampuni ilidukuliwa, bomba lake la mafuta likasimamishwa, ikawalipa wadukuzi fidia ya bitcoin 75, kama dola milioni 4.4 kwa wakati ule. Genge la DarkSide liliingia kwa akaunti ya zamani ya VPN, ile njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, haitumiki tena lakini haijafungwa, haina uthibitisho wa pili juu ya paswadi, na paswadi yake ilikuja kukutwa kwenye rundo la paswadi zilizovuja mtandao wa giza. Kampuni nzuri ya intelijensia ingeweza kuiona paswadi ile mapema na kupiga simu, hiyo ndo kazi yao hasa. Ila mtu wa kuifunga akaunti ile ni wewe wa ndani, na kuifunga hakuhitaji mkataba na mtu.

Ushauri wangu, na bosi anaweza kununa: kwa sasa usinunue. Aleti zikianza kumiminika saa nane usiku nani anazisoma, si wewe huyo huyo? Andika kwanza orodha ya kila programu na kila seva mliyonayo, halafu ilinganishe na orodha ya CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa serikali ya Marekani, ya mianya ambayo tayari inatumiwa na wadukuzi, ni ya bure na ipo tangu Novemba 2021. WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilivyopiga dunia tarehe 12 Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa apdeti ya kuziba mwanya ule tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Habari ilikuwepo, watu hawakuweka apdeti basi.

SWALI: Mbona kundi moja la wadukuzi lina majina kibao? Leo nasoma APT28, kesho Fancy Bear, keshokutwa Forest Blizzard, eti wote ni wale wale!
– Nimechanganyikiwa

JIBU: Ni wale wale kweli, wanaohusishwa na jeshi la Urusi. Kila kampuni ya usalama inaona kipande chake, na haitaki kukubali cha mwenzake mpaka ihakikishe, so inabatiza yenyewe. Mandiant wanatoa namba, kama hiyo APT28, CrowdStrike wanatoa wanyama, dubu kwa Urusi, panda kwa China, na Microsoft tangu Aprili 2023 wanatumia hali ya hewa. Mimi naona biashara nayo imo, jina kali linauza. Juni 2025 Microsoft na CrowdStrike walitangaza kushirikiana kuoanisha majina yao, afadhali.

SWALI: Kampuni ya usalama yenyewe ikidukuliwa inakuwaje?
– Mdau

JIBU: Imeshatokea na kwa wakubwa. Desemba 2020 FireEye, ambao wakati huo ndo walikuwa wanaimiliki Mandiant, walitangaza wameibiwa zana zao za kupimia usalama wa wateja. Kilichowashtua ni kitu kidogo sana, simu ya pili imesajiliwa kwenye akaunti ya mfanyakazi, wakamuuliza ni yako, akasema hapana. Wakaufuata uzi ule mpaka wakakuta apdeti ya SolarWinds, kampuni inayouza programu za kusimamia mitandao, imetiwa sumu, apdeti iliyopakuliwa na wateja kama 18,000 japo waliochokonolewa kweli ni wachache zaidi. Kumbe kuibiwa kwao ndo kulifichua kuibiwa kwa wengine.

Kwa hiyo Mdau, na wewe Fundi kama bosi ataendelea kukaza, kabla ya kusaini ulizeni mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: wanahifadhi nini chenu, na wakidukuliwa watawaambia ndani ya saa ngapi. Wakizunguka kwenye la pili msisaini.