Kuhusu King Kong ya 2005

Ndugu wa Ngamiani, umeuliza kama King Kong, filamu ya sokwe mkubwa ya mwongozaji Peter Jackson ya mwaka 2005, iliyogharimu zaidi ya dola milioni 200, inafaa kuoneshwa vijana wa mtaani kwako badala ya ile ya 1933. Kwa maoni yangu, imefaulu nusu. Kong mwenyewe, ambaye miondoko na uso wake vilitokana na uigizaji wa Andy Serkis, ana huzuni na hasira zinazoaminika, na hapo fedha hazikupotea. Lakini hadithi iliyotosha dakika 100 katika ile ya 1933 imevutwa hadi 187, na sokwe hatokezi mpaka saa nzima ipite. Waoneshe hiyo hiyo ya 2005, Jumamosi baada ya Isha, na uweke mapumziko Kong akishakamatwa.