Maswali yenu ya busta: homa ya usiku, saumu, na bibi asiyetoka nje

Haya niliyaandika Machi 2022, kwa utaratibu wa wakati ule. Tangu busta, yaani sindano ya tatu ya chanjo ya corona, ianze kutolewa hapa kwetu Mombasa simu yangu haitulii, meseji zinaingia asubuhi mpaka usiku na nyingi zinauliza yaleyale, basi nimechagua hizi nijibu nyote kwa pamoja. Mimi ni nesi, meza ya chanjo naijua, na busta nishadungwa pia. Majina nimeyaacha, nimeweka mitaa tu.

Salaam aleikum sista. Nilidungwa busta juzi, usiku nikashikwa na homa na baridi, viungo vyote vinauma, hata kuinua sufuria nashindwa, kesho yake nimelala kutwa. Mume wangu asema dawa imekataa damu yangu, nisirudie tena. Ni kweli? (Mama, Kisauni)

Waaleikum salaam mamangu, pole sana, na hapana, haijakataa damu yako. Mwili wako ushaonyeshwa sehemu ya kirusi cha corona mara mbili, kwa hivyo mara ya tatu unaamka upesi na kwa nguvu, na kule kuamka ndiko kunakoleta homa, baridi, kichwa na viungo kuuma. Kwa wengi inaanza usiku uleule au kesho yake na ikifika siku ya pili au ya tatu ishakwisha. Nawasikia wanavyosimulia wakirudi, mmoja mkono tu ulikuwa mzito hawezi kulalia ubavu ule, mwengine kashikwa na baridi akajifunika leso mbili na joto lote hili la kaskazi, mwengine kachoka tu kama aliyetoka kubeba mizigo soko la Kongowea. Wote wazima saa hii.

Kitu kimoja watu hawakitaji ni tezi za kwapani. Kuna dada alikuja machozi yanamtoka, alikuwa akioga akapapasa kwapa akakuta uvimbe unauma, ashawaza saratani ya matiti, usingizi hana. Nikamuuliza umedungwa mkono gani, akanionyesha, ndio upande uleule. Hizo tezi ndizo zinazofanya kazi ya kinga, na kwenye busta zinavimba zaidi kuliko dozi za kwanza, zinarudi chini zenyewe. Ukiona wiki zinapita na uvimbe uko palepale au unakua, hapo nenda ukaonwe.

Kunywa maji, kunywa madafu, uji mwepesi, meza Panadol kama huna sababu ya kukatazwa, na mkono usiufunge, uchezeshe hata kama unauma. La muhimu ni hili, homa ikipita siku mbili tatu usiseme tu ni chanjo, nenda ukapimwe malaria, manake pwani hii mbu hawajaenda likizo kwa sababu ya corona na nimeona watu wakikaa na malaria ndani ya nyumba wakingoja chanjo iishe. Na kifua kikibana, pumzi ikikatika, moyo ukienda mbio ukiwa umekaa tu, mguu ukifura, au kichwa kikakataa dawa, usingoje asubuhi.

Kinachoniuma zaidi kwenye meseji yako ni kuwa hakuna aliyekueleza haya kabla. Ulidungwa ukapewa pamba ukaambiwa nenda. Mtu akiambiwa mapema kuwa kesho huenda ukalala kutwa, atapanga nyumba yake, atapika chakula cha siku mbili, na akishikwa na homa hatashtuka. Asipoambiwa, anaona kadanganywa, na mtaa mzima unasikia. Mimi nawaomba wenzangu mezani, semeni ukweli kabla ya sindano, hata foleni iwe ndefu vipi. Na nyinyi mkiambiwa kaeni kwenye benchi dakika 15 msitoroke, tunaangalia kama kuna anayepata aleji kali, ni nadra sana lakini ikitokea mara nyingi inatokea hapohapo na dawa yake tunayo hapohapo.

Mimi sikuhisi kitu chochote, hata mkono haukuuma. Isije ikawa nilidungwa maji? (Baba, Changamwe)

La babangu, si maji. Wako wengi kama wewe, hasa waliosogea umri, mwili unajenga kinga bila kelele. Homa si kipimo cha kinga.

Mwaka 2021 nilipata chanjo ya AstraZeneca mara mbili, sasa nimefika wananiambia ni Pfizer. Nikaondoka. Nangoja AstraZeneca iletwe, ama nichanganye tu? (Mwalimu, Mikindani)

Mwalimu wangu usingoje. Najua unatoka wapi, nyinyi walimu mlikuwa wa mwanzo pamoja na sisi wa hospitali, askari na wazee wa miaka 58 kwenda juu, chanjo ilipoingia Kenya Machi 2021, halafu India, ilikokuwa ikitengenezwa AstraZeneca yetu, ikazuia kusafirisha na watu wakabaki na dozi moja wakihesabu wiki. Mtu aliyengoja vile hataki kubahatisha tena.

Lakini hapa hubahatishi. Uingereza walifanya utafiti unaoitwa COV-BOOST, wakachukua watu waliomaliza AstraZeneca mbili na waliomaliza Pfizer mbili, wakawajaribu na chanjo 7 tofauti kama sindano ya tatu, na waliotangulia na AstraZeneca kisha wakapata Pfizer au Moderna kinga yao ilipanda sana. Shirika la Afya Duniani nalo limeruhusu kuchanganya. Chanjo hizi zote zinaufundisha mwili kitu kilekile, ile miiba ya nje ya kirusi, njia ya kufundisha tu ndiyo tofauti. Mimi pia nilitoka AstraZeneca nikaenda Pfizer. Usiku wake nilitetemeka kidogo, kesho yake mchana nikala wali wangu.

Sista, Ramadhani ndio hiyo inagonga mlango. Nikidungwa mchana saumu yangu inaharibika? Na kuna nguruwe ndani? (Kijana, Majengo)

Nianze na nguruwe. Pfizer, Moderna na AstraZeneca hazina kitu cha nguruwe ndani, hakuna jelatini. Hilo liishe.

Saumu, wanazuoni wengi wamesema sindano ya msuli si chakula wala kinywaji, haifunguzi, na Mufti Mkuu wa Saudi Arabia alilisema wazi mwaka 2021 kuhusu chanjo hizi za corona. Kama moyo wako bado haujatulia muulize sheikh wako wa msikitini, hiyo ni haki yako na mimi si mtu wa fatwa. Upande wangu mimi ni ule wa mwili. Ukishikwa na homa saa nane mchana, umefunga, maji huwezi kunywa, Panadol huwezi kumeza, na jua la Mombasa liko juu ya bati, hiyo siku itakuwa ndefu. Ndio nawaambia watu nendeni sasa kabla mwezi haujaandama, homa iishe mkiwa mnakula mchana. Ikikukuta ndani ya mwezi basi enda jioni jioni karibu na kituo kufungwa, ufuturu upumzike, na ukiamka mgonjwa kweli, mgonjwa ana ruhusa yake, utalipa siku yako baadaye.

Bibi yangu ana zaidi ya miaka 80, ana sukari na presha, hatoki nje kabisa, kutwa yuko ndani Mji wa Kale. Alipata dozi mbili. Watu wa nyumbani wanasema tusimsumbue tena, corona ataitoa wapi? (Mjukuu, Mji wa Kale)

Hili ndilo swali nililotaka kuliko yote, naomba ulisome kwa sauti nyumbani.

Bibi hatoki, sawa, lakini nyinyi mnatoka. Wewe unaenda kazini, ndugu yako anapanda feri asubuhi amebanwa na watu, watoto wanaenda shule na madrasa, halafu jioni wote mnaingia mnamshika mkono mnambusu. Ikija harusi nyumba inajaa, ukija msiba inajaa zaidi, na hakuna Mswahili atakayepita barazani asiingie kumsalimu mkubwa wa nyumba. Na tangu Ijumaa ile ya tarehe 11 Machi 2022 barakoa za nje si lazima tena, watu washazivua hata ndani. Bibi hatoki lakini mtaa mzima unamjia kitandani.

Na yeye ndiye mwenye hatari. Umri, sukari, presha, vitu vitatu vinavyofanya corona iue, vyote anavyo. Kinga ya zile dozi mbili inashuka miezi ikipita, na kwa wazee inashuka upesi zaidi, na hii Omicron, aina ya corona iliyobadilika, inajua kuikwepa. Serikali ya Uingereza ilitoa hesabu Januari 2022, wazee wa miaka 65 kwenda juu waliopata busta, miezi kama mitatu baadaye bado walikuwa na kinga ya karibu asilimia 90 ya kutolazwa hospitali. Hiyo ndiyo ninayomtakia bibi, si kwamba hatakohoa, ni kwamba mkilala usiku hamtaamka kutafuta oksijeni.

Sasa vile mtafanya. Msimpeleke saa nne jua likiwaka akasimame foleni, nendeni asubuhi mapema, tuktuk imsogeze mpaka mlangoni, na mmoja wenu atangulie mbele aseme tuna mzee, vituo vingi watampisha. Avae kitu cha mikono mipana ndani ya buibui. Hili dogo lakini nimeona wakina bibi wanafika na kanzu ya mkono umebana, sindano ni ya bega, inabidi avuliwe mbele za watu, anaona haya anasema basi nirudisheni nyumbani, na safari yote inakufa kwa sababu ya mkono wa nguo. Mkiomba pembeni penye pazia na nesi wa kike mtapewa. Asubuhi anywe chai ale, dawa zake za sukari na presha ameze kama kawaida, na kama anameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi mwambieni nesi kabla, tutabonyeza pamba kwa muda zaidi. Usiku ule mtu alale naye chumba kimoja, homa ikija mzee anaweza kwenda chooni akapepesuka akaanguka, na nyonga ikivunjika umri ule ni balaa jengine.

Kama hawezi kutoka kitandani kabisa, ongea na mhudumu wa afya wa mtaa wenu, au kituo kilicho karibu, uliza ni lini wanatoka kwenda nyumba kwa nyumba. Uliza, usichoke kuuliza.

Nina mimba ya miezi mitano, mama mkwe hataki kusikia. (Likoni)

Mdogo wangu, mimba yenyewe inaongeza hatari ya corona kali na ya kuzaa kabla ya wakati, na wanawake wengi sana duniani washachanjwa wajawazito bila watoto kudhurika. Ongea na wale wa kliniki unapoenda kupimwa, na siku hiyo mchukue mama mkwe muende naye, asikie mwenyewe kwa masikio yake na aulize yake.

Mbili, tatu, kesho mtasema nne. Hii itaisha lini? Mimi kijana, niko fiti, naendesha tuktuk, siku moja ya kulala ni pesa. (Kijana, Bamburi)

Kakangu hasira yako naielewa na sitakudanganya. Israel walianza ya nne kwa wazee wao Januari 2022, kwa hivyo sitakuapia kuwa tatu ndio mwisho. Lakini dozi nyingi si jambo geni, muulize mamako alidungwa pepopunda mara ngapi akiwa na mimba, na wewe ulitiwa matone ya polio mara ngapi.

Kijana mzima kama wewe hatari yako ni ndogo kuliko ya yule bibi, huo ndio ukweli, na busta ikiwa chache mimi ningempa yeye kwanza. Pia ujue, kwa vijana wa kiume Pfizer na Moderna kwa nadra zinaleta uvimbe wa msuli wa moyo, wengi wanapona, lakini ukisikia kifua kinauma siku zile za mwanzo usikaze, kuja tukuone. Ila tuktuk yako inabeba wagonjwa, wazee na waja wazito kutwa, mko karibu karibu, ndio maana bado nakuomba uje, miezi 6 ikishapita tangu ya pili. Ya siku ya kazi, chagua mkesha wa siku ambayo hata hivyo ungepumzika.

Nilidungwa busta lakini cheti kwenye mtandao bado chaonyesha dozi mbili, na nasafiri Ghuba kikazi. (Mtwapa)

Rudi palepale ulipodungwa na kadi yako na kitambulisho, muone anayeingiza majina kwenye kompyuta, mara nyingi namba ya kitambulisho iliandikwa vibaya au haikuingizwa siku ile. Usingoje wiki ya safari. Na chanjo ya serikali ni ya bure, mtu akikuitisha hela pale, usimpe, muulizie msimamizi wa kituo.