Mtoto mdogo anahitaji nguo ngapi? Anza na ratiba yako ya kufua

Wazazi wapya karibuni, hii nawaandikia hasa nyie mnaolea kwenye nyumba za kupanga huku Dar, chumba na sebule au chumba kimoja, kamba ya kuanikia ya wapangaji wote iko uani na maji sa ingine mnanunua kwa dumu. Nauza nguo za watoto za mtumba na nimelea wa kwangu hapahapa mjini, swali ninaloulizwa kuliko yote ni ninunue nguo ngapi. Wengi wanakuja na listi tayari wameshapewa na mtu, bodisuti kumi na mbili, ovaroli nane, kofia sita, soksi pea kumi. Mi kabla sijamfungulia mtu mzigo huwa namuuliza, kwako mnafua kila baada ya siku ngapi na nguo zinakaukia wapi? Bila kujua hilo hakuna mtu anayeweza kukwambia idadi, hata awe amezaa kumi.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua siku zinazopita kutoka kufua mpaka kufua tena, ongeza siku ambazo nguo inachukua kukauka mpaka inakunjwa, zidisha kwa mara ambazo mtoto anabadilishwa kwa siku, afu weka moja ya dharura. Mtoto wa miaka miwili anayeshinda nyumbani wengi tunambadilisha mara mbili, nguo ya kushindia na ya kulalia baada ya kuogeshwa jioni. Sasa ukifua kila baada ya siku tatu na nguo zikakauka siku moja, 3 na 1 ni 4, mara 2 ni 8, na ile ya dharura unapata seti 9. Ukifua kila siku unashuka mpaka 5. Ukifua mara moja kwa wiki unapanda mpaka 17, na hapo ndo utaona kwanini watu wawili wenye watoto wa umri mmoja mmoja anasema saba zinatosha mwingine analia kumi na tano hazitoshi, wote wako sahihi ila ufuaji wao ni tofauti.

Kufua kila siku kunapunguza nguo lakini kunakula maji na sabuni na mgongo wako, na kama una kichanga na unatoka uzazi hilo usijibebeshe. Kuacha wiki nzima nako kuna hasara yake, nguo ya mtoto iliyolowa uji na mkojo ikikaa kwenye beseni siku sita inaota vile vidoa vyeusi vya ukungu ambavyo havitoki tena, unajikuta unanunua nyingine. Ushauri wangu ni kila baada ya siku mbili, unalowesha usiku unafua asubuhi, na hapo seti 7 zinamtosha mtoto vizuri kabisa kipindi cha jua.

Nimesema kipindi cha jua manake masika inabadilisha kila kitu. Kuanzia Machi mpaka Mei nguo unaanika unaanua unaanika tena, jioni unaishia kuzitundika ndani kwenye madirisha na bado zinakaa siku mbili hazijakauka sawasawa. Rudia ile hesabu, siku 2 za kufua na 2 za kukauka ni 4, mara 2 ni 8, na moja 9. Hizo mbili za ziada usizinunue mpya, ndo maana nguo iliyombana kidogo mtoto usikimbilie kuigawa mwezi wa pili, iache ivuke masika kama ya kulalia. Na kitu kingine cha msimu huo ambacho wageni wa mjini hawakijui, kuna nzi anataga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, mayai yanatoa funza anayeingia kwenye ngozi na mtoto anatokwa na kitu kama jipu, kumbe ndani kuna mdudu. Dawa yake ni pasi ya moto, pande zote mbili na hasa kwenye mishono na lastiki, pamoja na nepi za kitambaa na shuka. Kama umeme hamna na pasi ya mkaa huna basi anika juani kabisa zikauke kwelikweli, usizitandaze kwenye majani wala chini, na usimvalishe mtoto nguo ambayo bado ina ubaridi wa maji.

Kichanga sasa. Hapa ndo hela nyingi zinapotea na inaniuma kwa sababu mara nyingi ni hela ambayo mama angeihitaji kwa chakula chake. Mtoto anazaliwa na urefu wa kama sentimita 50, akifika mwaka ana kama 75 na uzito wake umekuwa mara tatu ya ule wa kuzaliwa, kwahiyo nguo za saizi ya kuzaliwa mpaka miezi mitatu zinaisha kazi yake wakati bado zinang'aa. Mwaka wa pili anaongeza kama sentimita 12 hivi, na kuanzia hapo anatulia kwenye sita mpaka nane kwa mwaka. Maana yake mwaka wa kwanza nunua kidogo na rahisi, hela ya nguo nzuri zinazodumu iweke kuanzia miaka mitatu ambapo gauni moja anaweza kulivaa mwaka mzima na zaidi likiwa na upindo wa kushusha.

Kwa kichanga wa Dar mi naona vitop au bodisuti 6 mpaka 8, suruali laini 4, sweta 2, kofia 2, soksi pea 3, na kanga za kutosha, kanga ni shuka ni taulo ni mbeleko ni kivuli, kanga kuukuu zilizolainika ndo bora zaidi kwa ngozi yake. Kama unatumia nepi za kitambaa hapo ndo usibane, kichanga anachafua mara nane mpaka kumi kwa siku, kwahiyo dazeni mbili ni kiasi cha kawaida tu kwa anayefua kila siku. Unayetumia pampasi mchana na nepi usiku, au kinyume chake, dazeni moja inakufikisha. Chagua nguo zenye vifungo vya kubonyeza mbele au kati ya miguu, zile za kuvutia kichwani zenye shingo nyembamba ziache, utajuta saa nane usiku mtoto amejichafua mpaka mgongoni.

Na joto jamani. Naona watoto Februari wamevalishwa sweta, kofia, soksi na shali juu, mtoto anatoka harara shingoni na kwenye mikunjo afu anapakwa poda juu yake. Siku za mwanzo kabisa fuata nesi anavyokuelekeza kuhusu kumkinga na baridi, hasa kama amezaliwa na uzito mdogo, ila baada ya hapo mguse kifua au mgongo, kikiwa na jasho mpunguzie. Bibi yake akisisitiza sweta mpokee vizuri, sema ahsante mama nitamvalisha jioni upepo ukianza, hamna haja ya kubishana na mzazi.

Zawadi nazo ziingize kwenye hesabu kabla hujanunua. Watu wakija kumwona mtoto na kwenye arobaini karibu wote wanaleta nguo ndogondogo za kichanga manake zinapendeza macho, unabaki na gunia la nguo za mwezi mmoja na miezi tisa huna kitu. Akikuuliza mtu nimletee nini, mwambie wazi tu, niletee ya miezi tisa mpaka mwaka, au sabuni, au pampasi. Shoga yako au wifi yako hatakasirika, anafurahi kujua hela yake imefanya kazi.

Ukirithi nguo kwa dada au jirani ni jambo jema sana, ila uliza zilihifadhiwaje. Kama zimekaa kwenye begi na zile tembe nyeupe za naftalini za kufukuza wadudu, usimvalishe kichanga moja kwa moja hata kama zinaonekana safi. Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinachoitwa G6PD, na huku kwetu pwani hali hiyo ipo sana, naftalini inaweza kuvunja seli zao za damu mtoto akawa wa njano na kuishiwa damu. Zifue, zianike juani na kwenye upepo mpaka ile harufu iishe kabisa, na za kwako ukizihifadhi kwa ajili ya mdogo wake tembe hizo usiweke kabisa, ndoo yenye mfuniko inayobana na nguo zilizokauka vizuri inatosha.

Mtoto akianza kutembea mpaka miaka mitatu hesabu ya juu na chini inaachana. Juu anachafua kwa uji na embe na udongo, chini anachafua kwa haja. Wakati wa kumfundisha poti zile seti 7 hazikusaidii, unahitaji bukta au chupi hata 10 na fulana 5 tu, nunua chini peke yake na usijali kufanana rangi. Bukta za lastiki anazoweza kuzishusha mwenyewe, jinzi ya zipu na kifungo kwa umri huo ni mtihani kwake, atakuwa anakimbia kwenye poti hafiki.

Sasa kwenye kununua mtumba, iwe Karume au gulio la mtaani kwako. Nenda na uzi. Mpime mtoto kiuno funga fundo, mpime kutoka kiunoni mpaka kifundo cha mguu funga fundo lingine, mpime mabega, basi umemaliza, huna haja ya kumbeba mtoto kwenye msongamano na lile jua. Lebo zisikuchanganye, nguo zilizoandikwa 92, 98, 104, 110 hizo ni sentimita za urefu wa mtoto mwenyewe na wala sio umri, na zile za Kichina za Kariakoo zenye 90, 100, 110 ni hivyohivyo. Zenye 2T au 3T ni za Kimarekani, hapo ndo miaka, lakini mtoto wako na mtoto aliyepimiwa hiyo nguo sio lazima walingane kwahiyo uzi ndo mkweli. Geuza nguo ndani nje, angalia kwapani, katikati ya miguu na magotini, vuta lastiki uone kama inarudi, panda na kushuka na zipu mara mbili, afu itoe kwenye kivuli uiangalie mwangani manake chini ya turubai la bluu kila doa linafichika. Pamba inayonyonya jasho ichukue hata kama imepauka kidogo, nailoni inayong'aa iache kwa ajili ya picha. Ukifika nyumbani loweka, fua na piga pasi kabla haijagusa mwili wa mtoto. Lastiki iliyolegea sio sababu ya kuacha nguo nzuri, fundi cherehani wa mtaani anaweka nyingine haraka tu, ila kitambaa kilichochoka kwapani hakina fundi.

Nguo za kutokea mbili zinatosha, kanisani au msikitini, sherehe na kliniki. Nunua mapema, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi au Idi bei inapanda kila mahali, na Idi kila mwaka inawahi kama siku 11 kuliko mwaka uliopita kwahiyo iangalie kwenye kalenda usishtukizwe. Ya sikukuu chukua iliyomzidi kidogo, iwe na upindo, na ikishavaliwa sikukuu mruhusu aivae na Jumapili zinazofuata, ukiifungia kabatini isubiri sikukuu nyingine utaitoa imeshakuwa fupi. Ikishuka hadhi inakuwa ya kushindia, kisha ya kulalia. Ukifuata mtiririko huo mwaka mzima unanunua nguo chache sana za kushindia, unaingiza za kutokea mbili tatu na zile za kushindia na za kulalia zinajijaza zenyewe.

Wenye mtoto wa kuanza shule Januari, ada shule za msingi za serikali ilifutwa lakini sare ni juu ya mzazi, kwahiyo anza kuweka akiba Septemba. Mashati mawili, kaptula au sketi mbili, sweta moja, ndo chini kabisa, shati moja kwa mtoto wa darasa la kwanza utafua kila usiku na masika utamvalisha likiwa bichi. Mashati matatu ndo ahueni. Wengi hawaoni kwamba mtoto akianza shule nguo za nyumbani anazihitaji pungufu, siku tano za wiki mchana wote yuko kwenye sare, seti 4 au 5 za kushindia zinamtosha, hela iliyobaki ndo ya lile shati la tatu.

Kwa mlioko Njombe, Mbeya, Makete au Lushoto hesabu zangu za Dar msizibebe zilivyo, mwezi wa sita na wa saba nguo nzito hazikauki kwa siku moja, kwahiyo badala ya sweta moja nene weka mbili nyepesi za kuvaa juu kwa juu, zinapasha zaidi na zinakauka haraka, suruali nzito tatu na soksi hata pea sita, na taiti za ndani ambazo ndo utakazofua mara kwa mara badala ya kufua jaketi.

Viatu havihitaji maneno mengi. Asiyetembea hahitaji kiatu, soksi tu. Anayetembea ndala au yebo yebo ya nyumbani na kimoja cha kufunika cha kutokea. Mpime jioni, mguu unakuwa umevimba kidogo, akiwa amesimama wima, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba chako kule mbele, kisha kila baada ya miezi mitatu bonyeza pale mbele uone kama bado ipo.