Rejeta ya pikipiki kwenye kompyuta

SWALI: Fundi, salaam. Nahariri video za harusi hapa Tanga. Nikianza kutoa video, prosesa inapanda hadi nyuzi 95 na feni inapiga kelele chumba kizima. Nataka nijitengenezee mfumo wa kupoza kwa maji. Ninayo pampu ya tangi la samaki, mpira wa maji na rejeta ya pikipiki ya aluminiamu. Fundi friji ataniundia kibweta cha shaba cha kukaa juu ya prosesa. Ndoo nitaitia barafu. Itafaa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Salama, kijana wangu. Kwanza pangusa vumbi na ubadilishe ile griisi iliyokauka juu ya prosesa. Pengine shida itaishia hapo.

Ikigoma, pampu na mpira vitumie, ila rejeta mrudishie mwenyewe. Shaba na aluminiamu zikichangia maji mamoja zinageuka betri, na inayoliwa ni aluminiamu. Inatoboka kwa ndani huku nje inang'aa, na uchafu wake unaziba kibweta. Kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, huchelewesha tu. Nenda kwa wauza spea za magari mabovu, uliza rejeta ndogo ya hita, ile inayokaa nyuma ya dashibodi. Miaka ya mwanzo ya 2000 Wamarekani waliojiundia mifumo hii walizisaka sana, hasa ya Pontiac Bonneville ya 1977. Huku pwani nani anawasha hita? Chagua ya gari la zamani, uikwaruze pembeni kwa msumari. Ukiona wekundu au umanjano, hiyo ni jamii ya shaba, lipia. Ukiona weupe wa sufuria, achana nayo. Ifungie feni, maana maji kazi yake ni kubeba joto tu. Anayelitoa ni rejeta na upepo.

Barafu, hapana! Hewa ya Tanga unaijua. Maji yakiwa baridi kuliko chumba, mpira na kibweta vitatoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo litadondokea ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Bila barafu, chumba kikiwa nyuzi 31 maji hayashuki chini ya hapo, na kwa prosesa inatosha kabisa.

Maji ya bomba yana chumvi. Tumia yale ya kuongezea betri, lakini soma lebo vizuri, kwani asidi nayo huuzwa kwenye chupa za namna hiyo hiyo. Mpira uwe mweusi. Mwanga ukipenya, mwani unaota. Ndoo iwe na mfuniko. Pampu ni ya umeme wa ukutani, kwa hiyo usitie mkono majini kabla ya kuichomoa, na iwake kwa swichi moja na kompyuta usije ukaisahau.

Ukishaunga kila kitu, kompyuta ikae kando kwanza. Washa pampu peke yake usiku na mchana, kila kiungo ukikitandikia karatasi ya chooni. Ikilowa popote, kaza klipu, weka karatasi nyingine, uanze upya.