Jibu: Kutoka baharini hadi kwa besi wa bwawani

Ndugu yangu, umeuliza kama vifaa vyako vya kuvulia baharini vitafaa kwa besi, samaki wa maji yasiyo na chumvi, katika bwawa lililo jirani nawe. Rili ndogo (kigurudumu cha kukunjia mshipi) itafaa, ila fimbo nzito iache nyumbani, hutahisi samaki akidonoa. Mshipi unaohimili uzito wa ratili 10 au 12 unatosha.

Kikubwa zaidi: baharini ulizoea kufuata maji kupwa na kujaa, bwawani hakuna hayo. Besi ni mviziaji. Hujibanza kwenye kivuli cha gogo au magugu akingoja mlo upite. Chukua mnyoo wa plastiki, ficha ncha ya ndoano ndani yake isinase majani, tupa ubavuni kabisa mwa gogo, uache uzame. Usivute. Tazama mshipi: ukisogea kando kidogo tu, hata kama mkono haujahisi kitu, huyo tayari, inua fimbo kwa nguvu ndoano imnase! Mimi nilikosa wengi kwa kungoja mvuto mkubwa kama wa baharini.

Nenda alfajiri au jioni. Ukimpata, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, hana meno ya kukukata. Na msimu wa kutaga dume ndiye hulinda kiota. Ukimnasa hapo, tafadhali mrudishe upesi, maana samaki wengine huvamia mayai akiondoka.